Alicheka Kabla Sijatafsiri

Elburgon, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Kipkoech,

Nimekuita hivyo tangu ulipokuja kukaa kwetu ukiwa kijana, na hukushtuka hata siku moja, kwa sababu mama mdogo ana haki ya kumwita hivyo mtoto wa dada yake. Hapa kwenye laini ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao kila mtu humwita mtoto wa mwenzake mwanangu, hata mke wa nyapara ambaye hapendi mtoto yeyote. Leo ninaliandika neno hilo kwa maana yake. Mimi ndiye niliyekuzaa. Dada yangu Rebeka alikunyonyesha na kukulea, na ni mama yako kwa kila kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho. Lakini ulitoka kwangu.

Keti kwanza. Sijui kuandika jambo hili polepole, na hasira niliyo nayo hainipi nafasi ya kulipamba. Nilifikiri niifiche barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya mashati, uikute treni ikiwa imeshapita Njoro na mimi nimerudi nyumbani salama. Halafu nikajiona. Hiyo ndiyo tabia ya nyumba hii, kila mtu na kitu chake chini ya shati. Kwa hiyo nitakupa mkononi asubuhi, kabla ya chai, na nitakuwa pale pale jikoni mpaka umalize kusoma.

Habari za kuanika blanketi, za sabuni na za kutozoeana na watu wa stesheni, Rebeka amekwisha kukuambia na kesho atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu. Juzi ulipokuwa ukipasua kuni uliniuliza, "Mama mdogo, mzee amekukosea nini? Mbona chakula unaweka tu halafu unaenda?" Nikakuambia jino linaniuma. Hakuna jino. Ni kile kicheko cha Jumapili.

Ulikuwepo, lakini hukuona. Kogo alikuwa amekuja na Rebeka kukuaga, wamefika na lori lililotoka Kericho, wamejaa vumbi hadi kope. Unamjua nyanya yako, Kiswahili chake hakitoshi hata kuomba maji. Na unajua tunavyoishi. Watu wa kwetu wakija tunaongea Kipsigis, na kwa kuwa mume wangu Zakayo ni Mmaragoli, mimi ndiye ninayegeuka na kumwekea yale maneno kwa Kiswahili. Sisi tunacheka, mimi ninatafsiri, ndipo yeye anacheka. Kicheko chake hufika cha mwisho sikuzote, kama behewa la nyuma. Watoto wetu, Esta na wadogo zake, wamekua wakikingoja kicheko hicho na kukicheka tena.

Siku hiyo Zakayo aliinama kusukuma banzi la mbao motoni, na ile nafasi iliyobaki bila nywele ikaangaliana na Kogo. Kogo akasema kwa Kipsigis kwamba mkwe wake asilale nje, ng'ombe wataona kichwa kile na kudhani ni jiwe la chumvi. Sote tukaangua kicheko. Wewe ulipaliwa na chai. Mimi nilikuwa bado ninapumua nigeuke nimtafsirie, nikamwona. Alikuwa anacheka tayari. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mkono wake ulikuwa juu ya upara.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha kidole, Kipkoech. Hakuna aliyetaja kichwa kwa Kiswahili.

Nikajaribu kujiambia kwamba mtu anaweza kucheka kwa sababu wengine wanacheka. Nikamtafsiria kama kawaida, neno kwa neno, ng'ombe na jiwe la chumvi, huku nikimtazama usoni. Akashusha mkono. Akangoja kidogo, kisha akacheka mara ya pili, kicheko chake cha siku zote, cha behewa la nyuma. Cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa changu, cha kunidanganya, na kilifanana kabisa na vyote alivyonipa tangu tuoane.

Ndipo nikamnyang'anya Rebeka kibuyu cha maziwa alichokuja nacho kutoka nyumbani, nikatoka nje nikayamwaga yote kwenye unga wa mbao. Kogo alishika mdomo. Maziwa hayamwagwi, hata mtoto anajua. Nilisema yameharibika. Maziwa yaliyotiwa mkaa wa mti wa senetwet na kulala kibuyuni hadi yakaiva yanaharibikaje? Hakuna aliyeniuliza. Zakayo alitazama chini, na hapo nikajua kwamba amejua kwamba nimejua.

Labda unasema, mzee anajua Kipsigis, kuna ubaya gani? Angejua Kihindi ningefurahi. Subiri.

Nilikuzaa nikiwa msichana, kabla sijatahiriwa. Wewe umekulia kanisani na huenda hujui hilo lilikuwa na maana gani kwetu siku zile. Haikuwa aibu ya kuombewa ikaisha. Mtoto wa namna hiyo wanawake wazee hawakutaka alie hata mara moja, na walikuwa na njia zao. Kogo, huyo huyo wa mizaha ya jiwe la chumvi, aliwaambia wenzake ninaumwa tumbo, akanipeleka nyumbani kwa Rebeka. Rebeka alikuwa amejifungua mtoto asiye na uhai siku zile zile, na majirani hawakuwa wameambiwa bado. Ulizaliwa kulipokuwa kunapambazuka, ndiyo maana ukaitwa Kipkoech. Jina hilo ndilo kitu pekee ambacho hakikuhitaji uongo. Mchana watu wakaja kumpongeza Rebeka, na mimi niliwapikia wageni uji.

Baba yako alikuwa kijana wa malishoni, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu kabla hata mimi sijajua nina mimba, na hakurudi. Sina hasira naye. Jina lake utaniuliza mwenyewe kwa mdomo na nitakuambia, kwa sababu sitaki alijue karani au mtu mwingine yeyote atakayeiokota karatasi hii.

Baadaye nilitahiriwa kama wengine, nikasoma misheni kidogo, na Zakayo akaja kuniposa. Alikuwa fundi wa kunoa misumeno, akisafiri na Wazungu wa mbao kutoka msitu hadi msitu. Kwa kuwa ni Mmaragoli, kila mtu alidhani amekulia Maragoli na hajui neno la kwetu hata moja. Kaka zangu walimketisha kwenye kigoda, wakamzungumzia mbele yake kama watu wanaonunua fahali. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikisikiliza. Walisema masikio yake makubwa. Walisema ananuka mafuta ya mashine. Mwisho kaka mkubwa akasema, mpeni huyu huyu; mwanamume wa kwetu ataulizauliza na atapata habari ya yule mtoto, lakini huyu hatasikia kitu. Wakacheka. Zakayo akatabasamu kwa adabu, kama mgeni asiyeelewa.

Nikaolewa nikiwa na hakika hiyo. Nilimpenda, sitakuficha. Alikuwa mtu wa kunikatia kuni kabla hajanywa chai, wa kunisugulia mgongo na maji ya moto wakati wa baridi ya hapa juu, wa kuniuliza kila jioni nimeona nini siku hiyo na kungoja jibu. Wanawake wa laini walikuwa wakinionea wivu na nilikuwa nikiringa. Na kila Rebeka alipokuja, akiwa amekubeba mgongoni, baadaye akiwa amekushika mkono, nilikaa naye mbele ya mume wangu nikamwuliza kwa lugha yetu habari zako zote. Umeota meno. Umeanza kutambaa. Mtoto wangu anasema nini, mtoto wangu analia usiku. Nilisema "mtoto wangu" mbele ya Zakayo bila kupunguza sauti, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Nikamsema na yeye pia. Nilimwita mbuzi wa kukohoa. Nilisema mama yake ana ulimi mrefu kuliko msumeno wa kiwandani. Nilimwambia Rebeka mambo ya kitandani, mengine ya kumsifu na mengine siyo. Yote hayo yeye akiwa palepale, tupa mkononi, krr, krr, ananoa meno ya msumeno na kuyatazama kwenye mwanga. Tena nilikuwa ninamwonea huruma kwamba yeye hatuelewi sisi. Nilikuwa ninamtafsiria habari za mvua na ng'ombe ili asijisikie mpweke.

Na ilipokuja Hali ya Hatari, unakumbuka hapa palivyokuwa. Lori lilikuja likambeba mama wa nyumba ya pili na watoto wake wote, kwa kuwa tu walikuwa Wakikuyu, na sufuria yake ikabaki motoni ikaungua. Watu wakajifunza kuongea wakitazama mlango. Neno lililosikiwa na mtu mbaya lilikuwa linamtoa mtu kazini, au linamtoa duniani. Mimi nilimshukuru Mungu kwa nyumba yangu, kwamba kuna mahali pamoja ambapo ninaweza kufungua mdomo bila kujiuliza nani anasikia. Sasa unaona ni kwa nini nilimwaga maziwa?

Lakini hayo yote ningeyameza. Kuna jambo moja ambalo halimezeki.

Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki sana, mwaka ule mume wa Rebeka alipoanza kunywa na kupiga. Rebeka alikuja na wewe, jicho lake limevimba. Tulikaa nje hapa, na Zakayo amekaa kwenye gogo lake pale anapokaa. Rebeka akaniambia kwa Kipsigis, "Mchukue. Mwambie mume wako ukweli, mchukue mtoto wako, hapo kwangu si mahali pake sasa." Alikuwa analia. Nami nilikuwa ninakutazama, ulikuwa unachezea unga wa mbao, unajimwagia kichwani. Nikamjibu Rebeka kwamba haiwezekani. Nikasema Zakayo hatakubali mtoto wa mwanamume mwingine, kwamba atanirudisha kwetu, kwamba wanaume wote ni wamoja hata wakiwa wapole. Nilisema hivyo nikimwonyesha kwa kidevu. Yeye akapuliza vumbi la chuma kwenye tupa, akaendelea kunoa.

Nilikukataa, Kipkoech, kwa jina lake, na mwenye jina amekaa hapo anasikia.

Mlipokuwa mnajiandaa kuondoka ulishika leso yangu hukutaka kuiachia, Rebeka akakubandua kidole baada ya kidole. Na Zakayo akainuka, akaenda mbio mpaka duka la Mhindi, akarudi na ile sweta nyekundu. Sweta hiyo unaikumbuka, uliivaa mpaka viwiko vikatoka nje. Akasema, "Huyu mtoto ataona baridi kwa njia." Akakuvalisha mwenyewe. Mimi nikasimama nikifikiri, tazama moyo wa mtu huyu, hajui lolote na bado ana huruma. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote. Ukarudi kwa mlevi yule, na miaka yako ya kupigwa unaijua kuliko mimi.

Jumatatu nilimfuata nyuma ya nyumba kwenye mabanzi. Nikamwuliza tangu lini. Hakujifanya mjinga, namshukuru kwa hilo tu.

"Tangu mtoto," akasema. "Mimi sikukulia Maragoli. Baba alikuwa kwa shamba ya Mzungu huko Londiani. Nimechunga ng'ombe na watoto wa kwenu mpaka nikaota ndevu."

"Kwa hivyo ile siku ya kaka zangu ulisikia."

"Nilisikia."

"Ulisikia habari ya mtoto."

"Hiyo ndiyo nilisikia zaidi. Nikajisemea, kama nitasema najua hii lugha, hawa watu wataona aibu na watanifukuza, na wewe watakupea mtu mbaya. Nikanyamaza. Nilifikiri ni siku moja tu."

Kisha akafanya kosa. Akaendelea kwa Kipsigis. Na Kipsigis chake, mwanangu, ni cha mtoto. Hakijakua. Ni maneno ya malishoni, sauti ya kijana anayeita ndama, kwa sababu alikiacha akiwa kijana na hakukitumia tena mpaka leo. Mwanamume mwenye mvi ananiambia "usinikasirikie" kwa sauti ya mtoto wa kuchunga. Karibu nimwonee huruma, na hasira ikanirudisha. Nikamwambia, "Usinisemeshe hiyo lugha. Sema Kiswahili kama siku zote."

Akarudi kwa Kiswahili. "Nilikuwa nangoja wewe useme mwenyewe. Kila mwaka nasema, huu mwaka ataniambia. Mimi ningesema nini? Ningesema najua, ungejua nimekusikia hiyo miaka yote, na haungefungua mdomo tena ndani ya hii nyumba. Ukiongea na Rebeka unacheka na tumbo. Na mimi kwa Kiswahili unacheka na meno. Nilitaka kuendelea kusikia hiyo ingine."

"Na ile siku ya jicho la Rebeka? Ulikuwa unataka kusikia hiyo pia?"

"Ulisema mimi sitakubali," akasema. "Hukuniuliza. Ulisema tu. Nilishikwa na hasira, Mama Esta. Nikasema, kama ananiona hivyo, wacha. Nilienda kununua sweta nikiwa na hasira. Nilirudi nikitaka kusema mlete huyu mtoto, na nyinyi mlikuwa mnasimama kwenda. Halafu kesho ikafika, na kesho ingine. Na wewe je? Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Nilimrushia banzi. Halikumpata.

Unaona alivyo? Hata anapokosea ana sababu ambayo mtu anaweza kuilia. Wanawake wa laini nikiwasimulia watasema, alikuoa akijua, akakustahi, akamvisha mtoto sweta, unataka nini tena? Nataka mtoto wangu. Nataka ile miaka ambayo ungelala chumba kile na Esta mkipigania blanketi. Nataka kujua ulikuwa unaogopa nini ukiwa na miaka saba. Hakuna kati yetu aliyekuwa mbaya, na wewe ndiye uliyepigwa. Tulikuwa wema, mimi na yeye, kila mmoja anamhurumia mwenzake kimya kimya, huku mtoto anakua kwa mlevi. Nikifikiria hapo natamani kuvunja kitu, na vyungu vya kuvunja ni vyangu mwenyewe.

Na hasira yangu kwangu mwenyewe usidhani nimeisahau kwa kumsema yeye. Niliishi na mtu mpole kuliko wote ninaowajua, nikalala naye kitanda kimoja, na sikumjaribu hata kwa swali moja. Nilimjibia. Nilikuwa nimezoea kumtafsiria hata nikasahau kwamba ana maneno yake. Nilidhani kwa kuwa mimi ndiye ninayebeba maneno kutoka upande huu kwenda upande ule, basi ninajua yaliyoko pande zote mbili. Huo ni ujinga wangu, na sikuufundishwa na mtu.

Nikikuandikia haya kuna kitu kimoja ninachokitaka kwako. Umetoka kwa damu ya yule kijana wa kuimba, lakini unyamavu wako umeuchota kwa Zakayo. Nimekuona. Kazi hii ya reli unayoiendea Nairobi uliijua tangu mvua za kwanza. Rafiki yako wa kiwandani ndiye aliyeniropokea. Wewe ulitwambia wiki iliyopita tu, na nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Sikutaka mhuzunike mapema." Nilikutazama nikaona upara wa Zakayo unakuota kichwani. Ulikuwa unanistahi. Usinistahi hivyo tena. Ukimpata msichana huko Nairobi na akasema jambo ambalo si kweli juu yako, mkatize hapo hapo, hata kama mna wageni, hata kama ataona haya. Akinuna, anune. Mtu aliyenuna unaweza kumwuliza ana nini. Aliyesitiriwa kwa huruma hajui hata kwamba kuna swali.

Na ukisikia jambo ambalo hukutakiwa kusikia, sema umesikia. Kohoa. Dondosha sahani. Fanya lolote ila kucheka mara ya pili.

Rebeka nilimwambia jana tukifua. Nilitegemea atanipiga na nguo yenye maji. Aliendelea kusuuza shati lako, la kwenda nalo, akalikamua mpaka nikaogopa atalipasua. Kisha akasema kwa lugha yetu, "Mwambie. Nimechoka kukuangalia ukimwangalia. Lakini usije ukaniondoa." Nikamwambia sikuondoi, nitakuondoaje. Akasema, "Sema tu, nisikie." Nikalisema tena. Kwa hiyo na wewe lisome hapa kwa mwandiko wangu: Rebeka ni mama yako. Sikuja kuchukua chake. Nimekuja kuongeza changu, nimechelewa, na najua umeshakuwa mwanamume na huenda huhitaji kuongezewa.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kesho hapo jikoni kabla ya treni. Usiende na hasira hiyo Nairobi umeikunja vizuri. Utasema unachotaka na mimi sitalia, au nitalia lakini sitakuzuia kusema. Hata ukisema hunitaki, sema nisikie kwa masikio yangu.

Nimekuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ningeweza kuandika Kipsigis, misheni walitufundisha kukiandika. Lakini Zakayo amejifunza kusoma kwa Kiswahili tu, na barua hii nitamwekea mezani aisome kabla yako. Sitaki tena lugha yenye mlango wa nyuma ndani ya nyumba hii.

Wakati ninaandika amekaa pale nje kwenye gogo, na tupa yake. Giza linaingia msituni na Kogo ameshaanza kusinzia karibu na moto. Taa ilianza kufifia hapa nilipokuwa ninaandika habari ya Rebeka. Sikuinua kichwa. Nikasema kwa Kipsigis, kwa sauti ile ninayomsemesha Rebeka, "Taa inakufa, leta mafuta."

Tupa ikanyamaza. Katika maisha yetu yote sijawahi kumwambia neno moja kwa lugha yangu. Nilimsikia anainuka, anatafuta chupa nyuma ya mlango, anaiangusha, anaiokota. Akaja akatia mafuta na hakumwaga hata tone. Akasimama. Akaniuliza kwa Kipsigis chake cha malishoni, "Umemwandikia?"

"Nimemwandikia."

"Yote?"

"Yote. Na wewe umo."

Akasema vizuri, akarudi nje. Bado sijasikia tupa. Sijamsamehe, usifikiri ni hadithi ya kuishia hapo. Kesho nitasimama upande wa pili wa stesheni, mbali naye, na atakuja kusimama karibu nami hata hivyo, na tutaona.

Kwako wewe nina ombi moja. Usiniite mama mdogo kesho. Mbele ya watu sitakulazimisha kusema lolote, na Rebeka atakuwa hapo na kitambaa chake machoni. Lakini treni ikianza kutembea, toa kichwa dirishani uite "mama" mara moja tu, kwa nguvu, usitaje jina. Tutaitika wawili.

Aliyekuzaa alfajiri,
Mama yako Marta